Mstari Uliolala

Jumatatu, 10 Machi

Kutwa kazini naandika Kiingereza: saa, kipimo, sahihi. Nikifika nyumbani mkono unataka lugha ya kulalamikia, na mimi hulalamika vizuri zaidi kwa Kiswahili. Basi daftari ni hili, na mwenyewe ni Everlyn Kisilu, muuguzi, mjane, mkazi wa ghorofa ya nne hapa Ngara kwenye dari inayovuja.

Leo tumeanza utafiti mpya. Daktari Shamir alituketisha, mimi na Avni wa maabara, akatueleza kama watoto wa darasa la nne, na nashukuru, kwa sababu yale makaratasi yake niliyasoma mara mbili nikaambulia kizunguzungu. Anasema peptidi hizi mbili ni vipande vifupi vya protini vilivyotengenezwa kiwandani. Ndani yake hamna homoni ya ukuaji hata chembe. Kazi yake ni kubisha hodi tu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, na homoni imehifadhiwa humo. Peptidi ya kwanza inaiga ujumbe ambao ubongo wenyewe huutuma. Ya pili inaiga homoni ya njaa inayotoka tumboni. Kila moja ikibisha peke yake, tezi hufungua kiasi. Zikibisha pamoja, hufungua kupita hata ukijumlisha zote mbili. Hilo ndilo tunalolipima, kwa wanawake wazima wasio na ugonjwa.

Nikamuuliza mtu wa miaka arobaini anataka kukua aende wapi. Akacheka, akasema homoni hiyo haiachi kazi urefu ukiisha, inaendelea kutunza misuli na mifupa.

Sharti ni moja. Mshiriki asile chochote tangu usiku wa kuamkia kipimo. Chakula kikiwa kwenye damu, tezi inaweza kukataa kufungua, na mchoro unalala. Mlinzi wa sharti hilo ni mimi. Wamepata mlinzi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemkamata wa kwanza! Anaitwa Yvonne, karani wa duka la jumla lililo chini ya kliniki yetu. Ameingia akiapa kwa Mungu na mamake kwamba hajatia kitu mdomoni. Nikasogeza uso kama ninayemtazama macho, nikanusa. Chapati. Na chembe yake iko kwenye kola.

"Sista, ilikuwa nusu tu," akasema.

"Nusu ya chapati si chapati?"

Nikamrudisha nyumbani. Daktari amenisifu mbele ya Avni, ati pua yangu inafaa kuandikwa kwenye orodha ya vifaa. Nimetembea na sifa hiyo hadi nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Joto. Mawingu yanakusanyika halafu yanaghairi.

Jumatano, 19 Machi

Wawili leo. Wa kwanza hana habari nyingi, mwalimu wa chekechea aliyelala usingizi tangu sindano hadi mwisho. Wa pili anaitwa Lornah, msusi kutoka Kinoo, miaka thelathini na minne. Mweupe wa uso kupita kawaida, ngozi laini kama ya mtoto, na amevaa sweta juu ya sweta kwenye joto hili. Nikamwambia, "Wewe unaenda Limuru kuchuma chai?" Akacheka kidogo tu, lakini macho yake yalicheka sana.

Kipimo huchukua saa mbili. Sindano moja inakaa mshipani, kila robo saa nachota damu. Kwa hiyo wanawake huongea. Sijui ni kiti chenyewe au ni kule kutazama damu yako ikitoka bila wewe kufanya lolote. Lornah aliongea polepole, kama mtu anayepanda ngazi.

Anasuka akiwa amekaa. Wasusi wengine husimama, yeye huketi kwenye kigoda na mteja huketi mkekani. Wateja wanamwita Madam Kiti. Mama mkwe wake anamwita jina lingine.

"Anasema mimi ni mvivu. Anaambia kila mtu. Sista, mimi naamka nikiwa nimechoka kama nimelima."

"Watoto?"

Alikuwa naye mmoja, miaka sita iliyopita. Alimzaa kwa shida, akavuja damu hadi akazimia, wakamwongezea damu ya watu wengine. Mtoto akakaa siku mbili akaondoka. "Na maziwa hayakutoka. Hata tone. Nilisema labda Mungu alijua hakutakuwa na wa kunyonya." Baadaye akadungwa sindano ya kupanga uzazi, mara moja tu, ili apumzike. Tangu hapo hajaona mwezi. Anaamini dawa ile haijawahi kutoka mwilini, na mimi nimewasikia wanawake wengi wakisema hivyo, kwa hiyo nikaandika kwamba ametumia sindano, nikaendelea. Vipimo vyake vya kuingilia vilikuwa sawa, hata cha tezi ya shingo.

Nikamuuliza kwa nini amejitolea. Akasema anataka mtu ampime ampate hana kitu. Akirudi nyumbani na neno la daktari kwamba ni mzima, atajua basi uvivu ni wake mwenyewe, aushughulikie.

Nilimpa chai na mkate mwisho. Alikunywa kikombe kwa mikono miwili.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imekuja, na dari yangu imeitika. Beseni liko juu ya kochi.

Alhamisi, 27 Machi

Ile peptidi ya njaa inafanya kazi yake. Ikishaingia mshipani, kila mwanamke anaanza kuzungumzia chakula. Leo mmoja ametufundisha kukaanga omena hatua kwa hatua, macho ameyafumba, na mimi ambaye si mtu wa ziwa nimerudi nyumbani nikitafuta omena.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Nimefua, hakijakauka kitu.

Jumatatu, 7 Aprili

Avni amemaliza kupima kundi la kwanza la damu. Alibandika michoro ukutani, mstari wa kila mshiriki na nambari yake. Ni kitu cha kupendeza. Mstari unaanza chini, sindano inaingia, unapanda ghafla, unashuka taratibu. Wote hivyo, wengine mlima, wengine kilima.

Isipokuwa mmoja. Umelala kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikatafuta nambari. Ni Lornah.

Daktari akasema kuna njia mbili. Ama dawa iliharibika, ama mshiriki alikula. Avni akaangalia chupa: ni ileile aliyotumia mwalimu wa chekechea asubuhi hiyohiyo, na mstari wa mwalimu umepanda vizuri.

"Basi alikula," Daktari akasema.

Wote wawili wakanitazama mimi na pua yangu. Sikulala vizuri kwa hasira. Nimemkamata Yvonne na nusu chapati, halafu huyu mwenye macho ya kucheka ananipita hivihivi!

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia Lornah simu. Nimemwambia tu kwamba kipimo kinarudiwa. Akauliza kama kuna ugonjwa. Nikasema hapana, njoo bila kula. Akasema, "Hata siku ile sikukula, Sista." Mwenye hatia hujitetea kabla ya kuulizwa, nikajiambia.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisani tumehubiriwa juu ya matawi ya mitende. Viatu vyangu vimeingia maji.

Jumanne, 15 Aprili

Lornah amekuja mapema, kabla hata Daktari hajafika, amelowa hadi magoti. Nikamsogelea usoni waziwazi, sikujificha. Sikunusa kitu. Dawa ya meno tu. Nikasema huyu ni mjanja, amepiga mswaki.

Alikuwa anatetemeka. Jasho jembamba juu ya mdomo, na huku anasema anasikia baridi. Mkono wake ulinipa shida kupata mshipa. Katikati ya kipimo akaniuliza, "Sista, unaweza kunipa sukari kidogo tu niweke kwa ulimi?" Nikamwambia hapa si hotelini. Akaegemeza kichwa kwenye ukuta na kufumba macho, na kila nilipochota damu alisema asante.

Nilidhani anatetemeka kwa sababu anajua nimemjua. Naandika nilivyodhani.

Alhamisi, 17 Aprili

Umelala tena. Avni aliupima peke yake, hakusubiri kundi. Mstari tambarare kama barabara ya Garissa.

Daktari hakukasirika, yeye hukunja mdomo tu. Akasema huyu mshiriki tunamtoa kwenye hesabu, hawezi kufuata sharti, mstari wake utaharibu wa wengine. Akaniambia nimjulishe kwa upole. Upole sina. Nilimpigia nikiwa kwenye ngazi, na maneno yangu nayakumbuka yote.

"Lornah, ulikula."

"Sijakula, Sista. Wallahi vile, mimi si Mwislamu lakini naapa."

"Damu haidanganyi. Tumepoteza asubuhi mbili na dawa kwa sababu yako. Ungesema tu ukweli kama mwenzako Yvonne. Mtu mzima kushindwa na tumbo!"

Nikasikia mvua ya upande wake na mvua ya upande wangu. Halafu akasema, polepole vilevile, "Kwa hivyo na nyinyi mmeniona hivyo." Akakata simu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Dada yangu ameniletea pilau. Beseni limejaa mara mbili.

Alhamisi, 24 Aprili

Lornah amekuja kliniki mwenyewe, bila kuitwa! Nimemkuta amesimama chini ya kibaraza chetu, sweta mbili na leso kichwani, maji yanachuruzika. Hakuwa amekuja kugombana. Amekuja kuomba apimwe mara ya tatu.

"Si ya utafiti," akasema. "Ni yangu. Nilimwambia bwanangu mlisema nimekula, akacheka. Mama yake akasikia. Sasa nyumbani mimi ni mvivu na mwongo na mlafi. Mnipime mkinilinda. Nitalala hapa kwa benchi kama mnataka."

Nilitaka kumwambia aende zake. Lakini Daktari alikuwa ametoka nje kuchukua mwavuli wake, akamsikia. Alimtazama muda. Akasema benchi haihitajiki, aje Jumanne ya tarehe sita Mei, atampima bila malipo ya mtu yeyote. Daktari ana moyo laini, nilifikiri, watu watamkalia kichwani.

Nikamsindikiza Lornah hadi lango. Nikamwambia, "Safari hii funga kweli."

"Nitafunga mpaka mwenyewe utanihurumia," akasema, akajaribu kutabasamu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi ya kumwaga beseni.

Jumatatu, 5 Mei

Baridi. Avni ana mafua, kazi yote ya friji imeniangukia.

Jumanne, 6 Mei

Lornah hakuja. Nilijua. Nimemwekea kiti tangu alfajiri, simu inaita haichukuliwi. Nimemwambia Daktari, "Si nilisema?"

Jumatano, 7 Mei

Mvua mfululizo. Mtaro wa mbele ya duka la vitambaa umefurika.

Jumamosi, 10 Mei

Hakuna la kuandika.

Jumanne, 13 Mei

Nataka kuliandika hili kwa utaratibu.

Avni amerudi kazini jana baada ya mafua. Katika kila kipimo sisi huhifadhi pia chupa ndogo za damu za kupimia sukari na homoni nyingine, zisomwe utafiti ukiisha. Haikuwa lazima kuzigusa sasa. Lakini Avni ni mtu wa kukereka na kitu kisichokaa sawa, na mstari ule ulikuwa bado umebandikwa ukutani mwake. Akazitoa chupa za Lornah, akazipima, akarudia. Leo asubuhi ameingia chumbani kwa Daktari bila kubisha, na mimi nikiwa humo napanga sindano.

"Hakuwa amekula," akasema.

Daktari akauliza nani.

"Lornah. Angalia sukari yake. Mtu aliyekula sukari yake inapanda. Hii iko chini hata ya mtu aliyefunga. Iko chini mno, Daktari, sijui alikuwa anakaaje kwa kiti. Na homoni hii nyingine, kotisoli, ya kushikilia sukari, karibu hakuna."

Daktari akachukua karatasi. Nimefanya naye kazi muda mrefu na sijawahi kumwona akikaa chini namna ile, kama aliyevutwa. Akaniuliza, taratibu, "Everlyn, huyu mama alizaa?"

Nikafungua mdomo, na yote yakanitoka kwa mpangilio, kama mwanafunzi anayejibu mtihani aliochelewa. Alizaa. Alivuja damu hadi akazimia. Maziwa hayakutoka hata tone. Hedhi haikurudi. Anasikia baridi. Anachoka. Ngozi laini, uso mweupe. Kila neno aliniambia mwenyewe, kwenye kile kiti, mimi nikiwa nachota damu yake na kutazama saa. Haya nilisomeshwa chuoni. Mwanamke akipoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, ile tezi ndogo chini ya ubongo inaweza kukosa damu na kufa, na yeye akaendelea kuishi nayo imekufa, miaka, nusu nusu, bila mtu kujua. Hata kile kipimo cha tezi ya shingo kinaweza kudanganya kikaonekana sawa.

"Tulibisha hodi," Daktari akasema, "na ndani hamkuwa na wa kufungua. Sisi tukasema mwenye nyumba ni mwongo." Akafunika uso kwa viganja.

Avni akasema ugonjwa huo una matibabu. Vidonge, kila siku, vya kurudisha kile ambacho tezi haiagizi tena. Angeweza hata kusuka amesimama. Lakini mtu wa namna hiyo haifai kufunga. Kufunga kwake ni hatari. Alipolisema hilo tulitazamana wote watatu, na mimi nikakimbilia simu.

Iliita. Ikachukuliwa na mwanamume.

"Naomba kuongea na Lornah."

"Mwenye simu hayuko."

"Atarudi lini?"

Akavuta pumzi. "Dada, wewe ni nani? Lornah alituacha wiki jana. Tunampeleka nyumbani Alhamisi."

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Kinoo. Nyumba yao iko nyuma ya barabara kuu, mlango wa bluu, na nje wametandaza turubai na viti vya plastiki. Mume wake anaitwa Oloo, fundi wa mawe, anajenga ukuta wa watu huko Karen. Ni mtu mrefu anayeongea akitazama mikono yake. Nilijitambulisha kama sista kutoka kule alikokuwa akipimwa. Akanishika mkono akanishukuru kwa kuja. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikamuuliza ilikuwaje. Amesimulia mara nyingi, nadhani, kwa sababu maneno yalitoka yamenyooka.

"Ile Jumatatu alikataa kula. Tangu asubuhi. Nikamwambia, si walisema usiku peke yake? Kunywa hata uji. Akakataa. Akasema, 'Sista atanusa.'"

Alisema hivyo bila kujua Sista ni nani. Au alijua, akaniachia. Mimi nikatazama turubai.

"Sasa Jumanne mimi natoka saa kumi na moja, tukimwaga zege la slab. Nikamwita, akaguna tu. Nikasema wacha alale, huyu na usingizi wake. Si unajua tulishazoea. Alikuwa baridi, nikamwekea blanketi ingine juu, nikaenda kazi. Mama alikuwa amekuja kutoka ushago, huko kijijini, alikuwa kwa chumba hiyo ingine. Akamwona amelala mpaka saa nne, akamgombeza kwa mlango. Hakujibu. Mama akakasirika, akaenda soko. Kurudi ndio akamgusa."

Majirani walimbeba hadi zahanati. Wakampima damu ya kidole, sukari ilikuwa chini hata haisomeki. Wakaweka maji ya sukari mshipani, wakaita gari la kumpeleka mjini. Hakufika.

"Walituambia ni sukari," Oloo akasema. "Sisi tukashangaa. Lornah hakuwa na kisukari."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuja kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kazini Westlands. Badala yake nikasema pole sana, ndugu yangu, pole, nikanywa chai yao, nikaondoka. Nimerudi nyumbani nimelia hadi nimechoka, na kilio hakikumsaidia mtu.

Asubuhi ile mimi nilikuwa nimeketi kando ya kiti chake kitupu nikimsema. Saa ileile. Ningekuwa nimempigia mtu mwingine wa nyumba ile, jirani, yeyote, nikauliza tu kwa wema kwa nini hajafika, wangeingia chumbani. Lakini nilikuwa nimeshamjua. Nilimjua, na mama mkwe wake alimjua, na mumewe alimjua, sote tulimjua Lornah vizuri sana.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi nilimwambia Daktari kwamba sikuweza kusema jana, na kwamba leo narudi. Nilitegemea aniambie tusubiri kamati ya maadili ikae kwanza, mtu asifungue mdomo mpaka mawakili waseme. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Akasema kamati ameshaiandikia usiku. Akachukua funguo za gari.

Tulifika wakati watu wanakusanyika, jeneza limeshaletwa, basi la kwenda nyumbani linapakiwa viti na sufuria. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Mama Oloo, yule mama mkwe, alikuwa ameketi mkekani karibu na kichwa cha jeneza, miguu imenyooka mbele, leso imefungwa kiunoni. Nilikuwa nimemchukia tangu siku Lornah aliponisimulia. Ni mama mdogo, mwembamba, ana kikohozi. Mtu alikuwa anamlisha uji kwa kijiko naye anageuza uso.

Nilipiga magoti mbele yake. Nikasema, "Mama, mimi ndiye sista aliyempima Lornah. Nimekuja kukuambia kitu juu yake."

"Sema, nyathina," akasema, yaani mwanangu, akaniwekea mkono begani.

Nikamwambia. Sikutumia maneno ya Daktari. Nikasema siku alipozaa akamwaga damu nyingi, kuna kitu kidogo kichwani mwake kilikufa pamoja na ile damu. Kile kitu ndicho kinachouambia mwili amka, pata joto, toa maziwa, shika mimba, vumilia njaa. Tangu siku ile alikuwa anaishi bila hicho. Kila siku aliyoamka akasuka hata kichwa kimoja, aliamka kwa nguvu zake mwenyewe tu, bila msaada wa mwili. Nikasema kwetu mashine ilionyesha hivyo, lakini sisi hatukuiamini mashine wala yeye. Mimi nilimwambia amekula. Nilimwita mwongo. Alifunga kutwa nzima ili niamini, na mwili wake haukuweza kufunga.

Oloo alikuwa amesimama nyuma ya jeneza, ameshika ukingo wake.

Mama Oloo akamtazama Daktari. "Ni kweli?"

Daktari alikuwa amevua viatu, sijui nani alimwambia avue, amesimama na soksi kwenye matope. "Ni kweli, Mama. Na aliyesema wa kwanza kwamba amekula ni mimi. Sista alinifuata."

"Iko dawa?"

"Iko."

"Ya kumeza?"

"Ya kumeza, Mama."

Oloo akaachia jeneza, akatoka kwenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia. Mtu mzima akilia namna ile, hata watoto waliacha kucheza. Ndugu zake wakamfuata.

Nikangoja mama anitukane. Nilitaka anitukane. Mkono wake ulinitoka begani, nikafikiri sasa. Lakini aliuweka juu ya jeneza, akaanza kulipangusa manyunyu kwa kiganja, mbele nyuma, mbele nyuma, kama anayeamsha mtoto taratibu.

"Mimi nilimsema kila mahali," akasema. "Kanisani nilimsema. Kwa kina mama wa chama nilimsema. Nyumbani wananingoja na huyu mtu, na wote wanajua alikuwa mvivu, kwa sababu ni mimi niliwaambia." Kikohozi kikamshika, kikamwacha. "Asubuhi ile nilimgombeza kwa mlango na yeye alikuwa anakufa."



Akanishika mkono akaniinua, yeye akiwa bado ameketi, akaelekeza kwa kidevu upande wa jikoni, ambako wanawake walikuwa wanafunga sufuria za safari. Wengi wao wanaingia lile basi.

"Nenda pale," akasema. "Rudia. Sema kwa sauti, hao hawajasikia."

Nilienda. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni, wanawake wakageuka wote na sufuria mikononi. Nikasema Lornah hakuwa mvivu. Nikasema alikuwa mgonjwa na hakuna aliyejua, na sisi tuliopaswa kujua hatukumwamini. Nikasema hakuwa mwongo. Mmoja aliyekuwa nyuma akasema hasikii, kuna moshi, na nyuma yangu mama mkwe akapaza sauti kutoka mkekani, sauti iliyokatika, "Rudia!"

Nikarudia.